Mabonyeo Kumi na Moja

Jumatatu, 2 Septemba

Pikipiki imefika. Imeletwa na Pazi juu ya fuso la ndizi kutoka Mkuyuni. Pazi ni binamu yangu, mtoto wa marehemu Mjomba Severin. Kwa mila yetu Waluguru, kitu cha mjomba humwendea mpwa. Ukoo uliketi, ukasema Honda ni ya Bartholomeo. Yaani mimi! Pazi hakupinga. Leo ameishusha, akanipa ufunguo, akatabasamu.

Kwa nini alitabasamu?

Mimi ni mtunza stoo wa shule ya sekondari, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sijawahi kuona mtu akikabidhi mali huku anatabasamu. Hata mwalimu akirudisha ufagio hununa.

Injini nzima. Tairi zote nzima. Tangi la mafuta, Mungu wangu! Limebonyea kila upande kama sufuria la msibani. Nimechungulia ndani kwa tochi: kutu tupu. Nimelitikisa, likatoa maji mekundu kama chai ya rangi.

Mkaza mjomba, Mama Josephine, ametuma ujumbe kupitia kwa Pazi. Jumamosi tarehe 14 ni misa ya mwaka mmoja tangu mjomba atutoke. Anataka siku hiyo nimfuate nyumbani kwa Honda, nimpakie nyuma, nimfikishe kanisani kama alivyofanya mjomba kila Jumapili kwa miaka thelathini na kitu. Ana miaka sabini na mbili. Anasema hana ombi jingine.

Pazi akaongeza kwamba pikipiki isipotembea siku hiyo, wazee wataketi tena. Wataitafutia mtu anayejua kushika spana. Nikamwuliza ni nani huyo. Akasema hajui. Pazi ameshika spana tangu anaota meno! Eti hajui.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeamua kutengeneza tangi mwenyewe. Fundi asiyekuwepo haibi.

Ukwaju hula kutu, hilo linajulikana. Nimechukua ukwaju wote wa jikoni, nikaukoroga kwenye maji ya moto, nikaumimina ndani ya tangi pamoja na kokoto kiganja kimoja. Kokoto zisugue, ukwaju ule. Nikaziba mdomo kwa gunzi. Kutikisa kwa mikono kunachosha, kwa hiyo nikalifunga tangi kwenye kamba ya nguo na kulibembeza. Kazi safi! Kelele kama ngoma. Majirani wakatoka. Nikawaambia ni mambo ya stoo.

Gunzi likachomoka.

Mke wangu Angelina ni nesi. Magauni yake meupe ya kazini yalikuwa kwenye kamba hiyo hiyo. Manne.

Ameyaangalia. Ameniangalia. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa kama ukwaju wa juisi aliomwahidi jirani ni huo. Nikasema kutu imetoka, si haba. Akaingia ndani.

Nani alilegeza gunzi? Nimelikagua. Siridhiki nalo.

Alhamisi, 5 Septemba

Imebidi fundi. Nimempelekea tangi Godlisten, mwenye gereji nyuma ya stendi. Kila mtu anamsifia. Nikaanza kumshuku kabla sijafika.

Na kweli! Alipolipokea akalipapasa, akaligonga kwa kidole, akasema, "Mzee Bartho, chuma kama hiki hawafui tena siku hizi. Hii ni mali."

Mali! Fundi mwaminifu angesema ni takataka, nilitupilie mbali. Huyu kalitamani palepale.

Nikamtolea hati ya makabidhiano niliyoiandaa, nakala tatu. Tangi moja, jekundu, kuukuu, lenye kutu, lenye mabonyeo kumi na moja. Nikamhesabisha moja baada ya jingine. Akataka kujua kwa nini tunahesabu vitu ambavyo anakwenda kuviondoa. Nikamwambia asaini. Akasaini huku anacheka. Nimeliandika hilo la kucheka chini ya hati, mahali pa maoni.

Zaidi ya hapo nimechora alama ya siri kwenye tangi kwa msumari, mahali pa siri. Siandiki hapa ni alama gani wala ni wapi. Angelina anajua kusoma.

Jumamosi, 7 Septemba

Ulinzi. Mkabala na gereji kuna mama ntilie anaitwa Shadia. Nimeketi kwake tangu saa mbili asubuhi, nyuma ya sufuria la supu, gazeti usoni. Nimekula chapati tano ili nisishukiwe. Shadia akauliza kama nimefukuzwa nyumbani.

Saa nne na robo. Nani anaingia gereji? Pazi!

Kabeba kitu ndani ya kiroba. Kakitoa. Tangi! La Honda ya aina ileile, lenye kutu ileile. Wakasimama kichwa kwa kichwa na Godlisten, wakayaweka matangi mawili kando kwa kando, wakaonyeshana, wakacheka. Nilitetemeka hadi gazeti likaingia kwenye supu.

Pazi akageuka, akanipungia mkono. Kumbe alikwishaniona. Akavuka barabara, akaniuliza, "Binamu, umehamia kwenye supu?" Akaagiza chai, akanieleza bila hata kuulizwa. Amepata Honda kuukuu huko Dumila, aina moja na ya baba yake. Ya baba kapewa mpwa, ni haki, lakini naye angependa kuwa na moja ya kumkumbukia. Hivyo ameleta tangi lake kwa Godlisten.

Maelezo marefu kwa swali ambalo sikuuliza. Mtu asiye na hatia huwa na maneno machache.

Mpango wao nimeuona wote. Matangi mawili yanayofanana, gereji moja, fundi mmoja. Nitapewa la Dumila. La mjomba litabaki kwa Pazi.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani sikusikia kitu. Padri alihubiri habari ya mchungaji mwema, mimi nikawa nafikiria ni nani anayehesabu kondoo.

Jioni nimemtuma Angelina akapeleleze, kwa kuwa mimi nimeshajulikana. Amerudi akisema Godlisten ni mtu wa heshima, anafanya kazi vizuri, alimpa kiti na kumwamkia shikamoo mama. Kiti! Nikamwuliza aliona mabonyeo mangapi. Akasema hakuhesabu. Nikamwuliza kiti kilikuwa cha namna gani. Akaenda kulala kwa dada yake.

Jumatano, 11 Septemba

Siku kubwa. Nimewakomesha!

Godlisten alipiga simu kwamba tangi liko tayari. Nimefika nikalikuta juu ya stendi ya chuma, katikati ya gereji, limefunikwa kitambaa. Akalifunua kama anafunua bibi harusi.

Jekundu. Laini. Unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Ndani nimemulika tochi, chuma cheupe kama kijiko kipya. Hakuna hata chembe ya kutu. Mabonyeo: sifuri.

Nikatoa hati. Nikamsomea: mabonyeo kumi na moja. Nikamwambia tangi nililokabidhi lilikuwa na kumi na moja, hili halina hata moja, basi hili si tangi langu.

Godlisten alitazama hati, akatazama tangi. Kisha akasema, "Mzee wangu, si ndiyo kazi uliyoniletea?"

Nikalinyanyua kidogo. Jepesi! La mjomba lilikuwa zito. Akasema uzito ulikuwa kutu, akaniletea kopo lililojaa unga mwekundu, kokoto na kokwa za ukwaju, akaniuliza nani mwingine Morogoro hii anatia ukwaju ndani ya tangi la pikipiki. Nikamjibu kwamba kokwa za ukwaju zimezagaa sokoni, kila mwenye nia mbaya anaweza kuziokota.

Sasa alama ya siri. Nikaangalia ubavu wa kulia, wa kushoto, nikaangalia mdomoni. Hapo nikagundua kwamba siri ile nimeitunza vizuri mno. Sikuikumbuka hata mimi. Nikataka kuligeuza. Godlisten akashtuka, akasema nisilishike tumboni, rangi ya chini haijakauka. Aha! Anaficha tumbo!

Nikatazama huku na huku. Kwenye kona, chini ya bampa la bajaji, lilikuwapo tangi jingine. Bovu. Lina kutu. Nikahesabu mabonyeo. La kumi na moja nililihesabu karibu na koki, halikuwa bonyeo hasa, lakini ukilishika vidole vinazama. Kumi na moja! Nikasema, "Hili hapa."

Godlisten akaapa kwamba hilo ni la Pazi, hata kwa msasa halijaguswa. Akampigia Pazi, akaweka sauti ya wazi. Pazi akasema polepole, "Binamu, jekundu ndilo la baba. Nimelikalia tangu sijajua kutembea. Chukua hilo hilo."

Nikamwuliza kwa nini ananihimiza. Akasema hanihimizi. Nikamwuliza tena. Nikasikia kuku wa Mkuyuni wakilia kwenye simu. Mwisho akasema, "Bartho, mimi nimechoka. Kama roho yako inatulia na lile la kona, lichukue."

Nikaandika hati palepale: tangi bovu ni la Bartholomeo, tangi zima ni la Pazi, kila mmoja ameridhika. Godlisten kasaini kwa niaba ya Pazi. Kisha akageuzia uso ukutani. Mwizi aliyenaswa huficha uso hivyo. Shadia, aliyeletwa awe shahidi, alitia saini huku amejiziba mdomo kwa khanga.

Nimerudi nyumbani na tangi halali la mjomba mapajani. Ushindi mtamu!

Alhamisi, 12 Septemba

Siku mbili zimebaki, na tangi ni bovu vilevile kama lilivyokuwa. Fundi simrudii.

Nimewaza. Maharage makavu ukiyaloweka huvimba. Kikivimba kitu, husukuma. Nimejaza tangi maharage hadi shingoni, nikatia maji, nikafunga mfuniko kwa waya. Yatavimba, yatasukuma mabonyeo yote kutoka ndani, taratibu, bila nyundo. Ajabu mafundi hawajafikiria hili! Au wamelifikiria wakalificha, wasikose wateja.

Angelina amerudi kutoka kwa dada yake. Anatafuta maharage ya wiki nzima. Nimemsaidia kutafuta.

Ijumaa, 13 Septemba

Maharage yamevimba. Mabonyeo yamebaki palepale.

Hayatoki! Yaliingia membamba, sasa ni manene kuliko shingo ya tangi. Nimeyachokoa kwa waya tangu asubuhi, moja moja. Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya ugonjwa wa tumbo. Si uongo kabisa, lipo tumbo linaloumwa, ni la tangi.

Angelina alinikuta uani. Alisimama akatazama maharage yakitoka yamegeuka rangi ya kutu. Akaketi kwenye kigoda, akashika waya mwingine, akaanza kuchokoa upande wake. Tulifanya hivyo kama saa nzima. Nikamwambia namfanyia Mama Josephine. Akasema anajua, ndiyo maana ameketi. Kisha akaniuliza, mbona lile jekundu zuri silitaki? Godlisten amempa kiti mara moja tu, tayari anamtetea.

Mengi yametoka. Yaliyobaki ni machache. Nimepiga rangi nyekundu ya kopo juu ya kutu. Ukisimama mbali linapendeza.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Miguu yote inaniuma.

Nimetoka saa kumi na mbili kamili. Suruali nyeupe, shati jeupe, viatu nimevipaka rangi. Injini imewaka! Nimepita Bigwa kama waziri. Watu wamegeuka. Kabla ya Kiroka ikaanza kukohoa. Ikapiga chafya mbili, ikazima. Nikafungua kabureta pembeni ya barabara. Ilikuwa imejaa rojo ya maharage.

Nikasafisha. Ikawaka. Ikazima. Nikasafisha. Mara tatu! Mwisho nikasukuma. Kutoka Kiroka kwenda Mkuyuni barabara inapanda, na jua la Septemba halina huruma. Petroli ilikuwa ikivuja mfunikoni ikayeyusha rangi ya kopo, na mimi nilikuwa nimeliegemea tangi kwa mapaja na tumbo. Mwanamke mmoja aliyebeba ndizi alitua mzigo, akapiga yowe, akaniuliza nimegongana na nini.

Nikiwa kwenye kona ya mwisho nilisikia Honda inakuja nyuma. Pazi, na tangi jekundu. Lilimeremeta hadi nikafumba macho. Akasimama. Akasema nipande, pikipiki yangu tuiache kwenye duka la hapo karibu, ataifuata baadaye. Nikakataa. Angenifikisha kama mzigo, wazee waone! Akasubiri kidogo, akatazama saa, akasema mama anangoja. Akaondoka polepole, bila kunitimulia vumbi. Hata hilo la vumbi ni mkakati.

Nilipofika uani kwa mjomba, Mama Josephine alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kipya, rozari mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Hakunisikia. Alikuwa anatazama tangi la Pazi. Akalisogelea. Akapitisha mkono juu, akashuka nao ubavuni, akauingiza chini karibu na koki, akasimama hapo.

"Kiraka," akasema. "Severin alikichomelea mwaka uliozaliwa wewe, Pazi. Jiwe lilitoboa tukiwa tunavuka mto. Niliziba tundu kwa kidole mpaka tukafika barabarani." Akaanza kulia, bila sauti. "Ni lenyewe."

Wazee wakanigeukia. Mapaja yangu mekundu. Nami nikainama kuona hicho kiraka. Pembeni yake, chini ya rangi, zilionekana herufi zilizokwaruzwa kwa msumari: B.K., na msalaba mdogo.

Alama yangu ya siri! Yote yalinirudia mara moja. Kwa dakika nzima, naandika ukweli, niliwaza jambo ambalo sitaliandika hapa. Nilimtazama yule mama ameweka shavu kwenye tangi nikataka kwenda kumshika mkono, nimwombe radhi.

Kisha nikaelewa. Wamenakili alama yangu!

Mama Josephine kaenda kanisani nyuma ya Pazi, mkono mmoja umemshika kiunoni, amefumba macho. Mimi nimekwenda kwa miguu na watoto wa kwaya. Kwenye misa hakuna aliyekaa benchi langu, kwa sababu ya harufu ya petroli.

Baada ya chakula Pazi aliniita pembeni. Alisema mama amefurahi, na kwa hilo yeye ametosheka. Akasema tangi ni langu, ukoo ulikwishasema, nilichukue, yeye arudishiwe lake la Dumila atalitengeneza taratibu. "Yaishe, binamu."

Nani anarudisha kitu kizuri achukue kibovu? Nikamtazama machoni. Macho makavu, ya upole. Wa namna hiyo ndio wabaya. Nikakataa katakata. Nimerudi mjini kwenye fuso la ndizi, na pikipiki yangu, juu ya ndizi.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimerudi kutoka kazini nikakuta tangi jekundu kizingitini. La Dumila halipo kwenye pikipiki. Angelina anasema Pazi alikuja mchana, akafungua lake kwa mikono yake, akachana ile hati ya kubadilishana niliyoiacha mezani, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Amechana hati! Ushahidi!

Angelina akasema nilifunge kwenye pikipiki nimshukuru Mungu. Nikamwambia ndicho wanachongoja. Nikilifunga tu, mtu atatokea na polisi kudai nimeiba tangi la Pazi, na hati sina. Hapana. Nimelifunga kwa mnyororo kwenye nguzo uani, mahali panapoonekana kutoka barabarani. Nimeng'oa mfuniko, nimeuficha chumbani. Atakayekuja kulichukua atalazimika kuulizia mfuniko. Hapo ndipo nitamkamata!

Ijumaa, 20 Septemba

Siku ya nne ya mtego. Hajaja mtu.

Mvua imeshuka kutoka milimani tangu alfajiri, ya nguvu, si ya msimu. Angelina amenisihi mara mbili niliingize ndani. Mara ya tatu alikuja mwenyewe na mwavuli. Nimemrudisha. Mtego hausogezwi.

Tangi limejaa hadi mdomoni, linafurika. Nimekaa dirishani na daftari. Kwenye ukingo wa shingo naona kama kitu chekundu kinaanza, si rangi.

Godlisten amepita na baiskeli, akasimama langoni kwenye mvua, akalitazama tangi muda mrefu, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaenda zake.

Nimeandika saa: nne na dakika kumi. Wameanza kujitokeza.